Nilikwenda Kigombe kuyaona majani yanayomnenepesha tasi

Ukimpasua tasi tumbo, kinachotoka ni kijani. Mie nakaanga samaki Ngamiani, Tanga mjini, mwaka wa 19 huu, na kijani hicho nimekimwaga ndoo kwa ndoo. Kimesagika kama kisamvu kilichotwangwa, kina harufu kali ya pwani, na kikilala tumboni kinaitia nyama uchungu. Ndiyo maana tasi hupasuliwa mapema kuliko samaki aitwaye changu. Hayo nilikuwa nayajua tangu zamani. Nilichokuwa sijakiona kwa macho yangu ni malisho yenyewe.

Mwezi wa pili, bahari ya kaskazi ikiwa imetulia, nikayaona. Pale Kigombe, ukiwa njiani kwenda Pangani, kuna wavuvi wachache waliojikusanya pamoja na kijana mmoja aliyesoma uvuvi Mbegani, Bagamoyo. Wanapeleka watu kutembea kwenye majani ya bahari maji yakikupwa. Ni safari ya nusu siku, shilingi 25,000 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto, na chakula unalipia mbali. Nilikwenda na mdogo wangu wa kike na mjukuu wangu wa miaka 9. Nimeamua kuandika kwa sababu kabla ya kwenda nilitafuta maelezo ya mtu wa hapa hapa sikupata. Niliyoyakuta yalikuwa ya watu waliokwenda kutazama matumbawe, na majani wameyapita juu kwa juu bila neno.

Safari hizi zinafuata mwezi, tarehe haina kazi. Ni siku za bamvua tu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na kwenye pwani yetu siku hizo maji hukauka kabisa kama saa nne, saa tano asubuhi. Tuliambiwa tufike saa moja na nusu. Tukatoka Tanga alfajiri, saa moja na robo tuko ufukweni. Nahodha yupo, ngalawa ipo, ila viatu vya kukanyagia vimefungiwa stoo na mwenye ufunguo hajaamka. Tumeondoka saa mbili na dakika 40. Hili ndilo kosa lao kubwa, na nililisema pale pale. Maji yakishageuka hayakupi nafasi ya pili. Saa iliyopotea ufukweni imekatwa kwenye majani, na majani ndiyo niliyoyalipia.

Kosa la pili ni majaketi ya kujiokolea. Tulikuwa watu sita, majaketi yalikuwa manne. Watoto walivaa, sawa, lakini mtu mzima asiyejua kuogelea naye ana roho. Nahodha alikiri na akaahidi kuongeza. Msiondoke ufukweni kabla hamjahesabu.

Baada ya hapo sina kinyongo na kitu, maana tulipofika penyewe nilisahau hata kukasirika.

Nahodha hakutupa nanga. Alikuja kwa upondo, ile fito ndefu ya kusukumia chombo, polepole hadi kwenye kipande cha mchanga mtupu, akafunga kamba kwenye kigingi walichokipigilia wenyewe. Nikamuuliza kwa nini anajitaabisha hivyo. Akasema, "Mama, nanga ikiburutwa hapa inang'oa kama jembe, na shimo lake litakaa." Kisha kijana akatugawia ndoo za plastiki zilizokatwa kitako na kubandikwa kioo. Unaizamisha kidogo, unachungulia, na bahari yote inatulia mbele ya macho yako. Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nilivyoviona siku ile, na ndicho kilichonifaa kuliko vyote.

Sisi huku tumezoea kusema vyote ni mwani. Kijana alianzia hapo hapo. Mwani wa kulimwa, ule wanaoufunga akina mama kwenye kamba, hauna mizizi ya kufyonza wala hauchanui maua. Haya majani ni mmea kamili: yana mizizi, yana shina linalotambaa chini ya mchanga kama la ukoka, yanatoa maua, yanazaa mbegu. Wazee wake walikuwa mimea ya nchi kavu iliyorudi baharini, inakadiriwa miaka milioni 100 iliyopita. Mdogo wangu akauliza, "Yaani yalihama bara?" Akajibiwa, "Ndiyo, shangazi, na hayakurudi tena." Kwa sababu hiyo wataalamu wanayaita nyasi bahari. Duniani kote aina zake ni kama 70 tu, na Tanzania tuna zinazokaribia 12. Katika muda wetu uliobaki tulizipata 5.

Kuna ya majani madogo ya duara, mawilimawili, ukiyaona utasema mlonge umemwaga majani kwenye maji. Kuna ya mviringo kama tambi, unaweza kuyaviringisha kwenye vidole. Kuna yenye shina gumu kama kijiti na kishada cha majani juu yake. Hiyo inakamata hata kwenye mwamba. Na kuna ile ndefu kuliko zote, majani kama mikanda, mengine yananipita kiuno yakinyooshwa, na shinani pana nyuzi nyeusi ngumu kama nywele za brashi. Hiyo ndiyo iliyonishika moyo. Kijana alituonesha ua lake la kike limesimama kwenye kikonyo kirefu hadi usawa wa maji, na pembeni yake vitu vyeupe vidogo kama punje za chikichi zilizovunjika, vinaelea, vinasukumwa na upepo. Yale ni maua ya kiume. Yanajikata yenyewe chini, yanapanda juu, yanaelea hadi yakutane na ua la kike, na hilo linafanikiwa vizuri maji yakiwa yamekupwa sana kama siku ile. Mjukuu wangu alipiga magoti akakaa pale mpaka nikamwita mara tatu. Mie mwenyewe nimezaliwa Tanga, nina miaka 52, nimekula kutoka baharini maisha yangu yote, na sikujua kwamba bahari inachanua.

Jua lilipopanda tukaona vipovu vidogo vikitoka kwenye majani na kupanda juu kama soda. Ni hewa ya oksijeni. Kijana akachimbua tope kidogo pembeni kwa kidole: jeusi, linanuka mayai viza. Mizizi inaishi kwenye tope hilo lisilo na hewa kwa sababu ndani ya kila jani mna mirija inayoshusha hewa hadi chini. Na tope lenyewe ni hazina. Majani yakifa yanafukiwa humo bila kuoza upesi, na kaboni yake inakaa chini miaka mamia, hata maelfu. Nyasi hizi zimefunika chini ya asilimia 0.2 ya sakafu ya bahari duniani, lakini zinakadiriwa kuzika kama asilimia 10 ya kaboni yote inayozikwa baharini kila mwaka. Nilimwambia arudie hiyo hesabu, akairudia.

Nikaomba anioneshe tasi anakula wapi. Akaniambia nitazame kingo za majani. Mengine yalikuwa yamemegwa nusu duara, safi, kama kipande cha mkate kilichong'atwa. Hiyo ni alama ya pono, yule wa kijani anayeishi humu humu kwenye majani. Tasi anaokoteza: anakula majani, anakula na utando wa mwani unaoota juu yake. Kisha nikashusha ndoo yangu ya kioo, nikawaona. Vitasi, kundi zima, urefu wa kidole changu kidogo, vinageuka pamoja kama vimevutwa na uzi mmoja. Chini yao vichangu, vya saizi ya ukucha. Kamba mdogo anayepenywa na nuru. Kiti cha pweza, yule kiumbe wa umbo la nyota, chenye pembe nyekundu. Jongoo bahari wamelala kama wamesahauliwa.

Hapo niliinuka, nikatazama upande wa kisiwa cha Karange, sikutaka mdogo wangu anione uso. Vitasi vya saizi ile navifahamu. Nimevinunua. Sokoni vinakuja kwa mafungu, bei ya chini, mwezi mkavu unapofika na samaki wakubwa hawapo. Unavikaanga vikauke, unauza kwa watoto wa shule na kwa mtu asiye na uwezo wa samaki mzima, na unajiona umemsaidia. Sikuwahi kufikiri vimetoka kwenye kitu gani na vimetolewaje.

Vimetolewa kwa juya. Nahodha alinieleza mwenyewe, maana alilivuta ujanani, na hakuficha. Watu wanashika kamba huku na huku, wavu una risasi chini ili ulale kwenye sakafu, na unakokotwa hadi nchi kavu. Kinachofika ufukweni ni samaki kidogo, watoto wa samaki tele, na mzigo wa majani yaliyong'oka ambayo yanatupwa yaoze. Sheria inalikataza juya, kila mtu pwani anajua, na bado linavutwa. Alitupeleka mahali lilipopita miezi iliyopita: utepe mweupe wa mchanga katikati ya kijani, upana wa barabara ya mtaani kwetu. Wana fremu ya mabomba ya plastiki, nusu mita kwa nusu mita. Unaiweka chini na kutazama kilichomo. Kwenye malisho mazima mjukuu wangu alipata shida kuona mchanga. Pale kiparani alihesabu machipukizi manne, yote ya ile aina ya mlonge. Hiyo ndiyo inayorudi kwanza, ndani ya miezi. Ile yenye shina la kijiti huchukua miaka, na mchanga ukishaanza kuhama inaweza isipate pa kushika tena.

Mengine yanayoyaumiza majani nitayapitia kwa kifupi, ingawa kijana aliyaeleza vizuri. Yanataka mwanga, kwa hiyo tope la mito wakati wa masika, na lile linaloinuka sakafu ya bahari inapochimbwa, vinayafunika na kuyakosesha jua. Maji machafu na mbolea za mashambani vinalisha utando unaoota juu ya majani hadi yakakosa pumzi. Wale wanyama wa miiba mieusi mirefu wanaotuchoma miguuni nao wanakula majani. Kikande, samaki anayewala, akiwepo anawapunguza, akivuliwa wote, wanazidi na kufyeka kila kitu. Nilimuuliza kuhusu mwani pia, kwa kuwa nina jamaa wanaolima. Alijibu kwa heshima: kilimo cha mwani ni riziki ya akina mama na hakuna anayetaka kiondoke, tatizo ni pale majani yanapong'olewa kwanza ili kupigilia vijiti. Kamba zikiwekwa kwenye mchanga mtupu, vyote viwili vinaishi. Nikamuuliza na kuhusu mji wetu unavyojengwa, bandari iliyoongezwa kina, bomba la mafuta kutoka Hoima nchini Uganda linaloishia Chongoleani. Akasema kazi yoyote ya baharini inataka majani yapimwe kabla na baada, ili mtu asiseme hayakuwapo. Nililipenda jibu hilo, na natamani lisemwe kwenye mikutano yetu ya mtaa pia.

Nilichokosa kwenye maelezo yao ni picha ya dunia, nikaipata baadaye nyumbani kwa kusoma. Mwaka 2009 watafiti walikusanya vipimo vya nchi nyingi wakaona kwamba asilimia 29 ya eneo la nyasi bahari lililokuwa linajulikana imeshapotea tangu mwaka 1879, na kasi inaongezeka. Umoja wa Mataifa mwaka 2022 ukaitenga tarehe 1 Machi kuwa siku ya nyasi bahari duniani. Hilo waliingize kwenye maelezo yao, watu watalisikiliza.

Jambo jingine la kuwaambia wageni ni mahali walipo. Kigombe imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, inayoanzia mdomo wa mto Pangani hadi kaskazini ya jiji la Tanga, pwani ya kilomita kama 100. Silikanti ni samaki wa ajabu, wa kale kuliko tunavyoweza kuwaza, anaishi kina kirefu, na anastahili heshima yote. Ila mji wa Tanga unalishwa na maji ya magotini. Kasa wa kijani naye anakula majani haya. Nguva karibu hana chakula kingine. Anaweza kumaliza kilo 30 kwa siku, na leo hii waliobaki Tanzania ni wachache sana, wengi wao upande wa Rufiji, Mafia na Kilwa. Nahodha anasema babu yake alikuwa akiwazungumzia kama watu wanavyozungumzia majirani waliohama.

Tukiwa bado majini ikaja boti ya mashine na kundi la watu wengine, kutoka kwa waandaaji wengine kabisa. Walipita juu ya majani na injini inazunguka, majani yakakatwa yakaelea nyuma yao. Wakashuka wengi kwa mpigo, wakawatoa viti vya pweza majini na kuwashika juu juani ili wapige picha. Kijana wetu alikwenda akawasalimia, akawaeleza polepole kwamba kiumbe yule hapumui nje ya maji. Baadhi walisikia. Nawaomba mnaokwenda: chagueni wanaotumia upondo na tanga, hata kama mtachelewa nusu saa kufika. Na hawa wetu nao wasizidishe watu sita. Watu sita wakifuata njia moja ya mchanga hakuna dhara, lakini nilianza kuona alama zetu wenyewe mahali tulipozunguka ua lile.

Maji yaligeuka mapema kuliko nilivyotaka. Saa tano na nusu yalikuwa yamenifika kiunoni, tukapanda.

Chakula: bada la muhogo, mboga ya mchunga wa nazi, tasi wa kukaanga, ndimu na pilipili, shilingi 8,000. Bada lilisongwa vizuri, laini, halina madonge. Mchunga ulikuwa umechemshwa na kumwagwa maji mara ya kutosha, uchungu umebaki kidogo tu kama unavyotakiwa. Samaki alikuwa wa dema, ule mtego wa kusuka, wa asubuhi ile, saizi ya kiganja na nusu. Mkaangaji mwenzangu anisamehe, mafuta hayakuwa yamepata moto wakati wa kumtia, ngozi ikashika karai na nyama ikanywa mafuta. Asubiri hadi kipande cha kitunguu kikitupwa kichezecheze ndipo atie samaki. Nilimwambia jikoni, tukaelewana, akanifungia tasi wawili wabichi wa kuja nao mjini.

Naipa safari hii nyota 4 kati ya 5. Nyota moja nimeizuia kwa ajili ya ule ufunguo wa stoo na majaketi mawili yaliyopungua. Wakirekebisha nitairudisha kwa mkono wangu. Kwa ujuzi wa yule kijana, na kwa ukweli wa Nahodha aliyekubali kusimama mbele ya wageni na kusema "juya nililivuta mimi", ningelipa zaidi ya 25,000.

Ukienda, chukua viatu vyako mwenyewe vya raba vinavyobana, vya kwao vina saizi chache na kandambili zinabaki kwenye tope. Kofia lazima, hakuna kivuli hata cha jani. Choo kipo ufukweni tu, kwa hiyo wenye watoto wajipange kabla ya kupanda ngalawa. Mwenye magoti mabovu aombe fimbo, wanazo. Na mwambieni Nahodha awapeleke kwanza kwenye yale majani marefu, maji yakiwa chini kabisa, kwa sababu ua likishafunikwa huwezi kuliona tena.

Kwangu sokoni nimebadili kitu kimoja. Kabla ya kununua namfungua tasi matamvua. Wa juya ana mchanga ndani, magamba yamechubuka, na fungu lina wakubwa na wadogo mchanganyiko. Wa dema ni msafi na mara nyingi bado anatingisha mkia. Mafungu ya vitasi sichukui tena. Wateja wawili wa jioni wamelalamika, mmoja ni bibi anayelea wajukuu watano. Kwake yeye nakata tasi mkubwa vipande, namuuzia kwa bei ile ile ya fungu. Nimeshaweka nafasi nne kwa bamvua la mwezi mpevu ujao, na moja kati ya hizo ni ya mchuuzi anayeniletea samaki.